Mguu wa Chifu

14 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji, na mwanenu, mheshimiwa Chifu asiyecheka na wageni. Mimi ni mzima wa afya, ila magoti yananiuma kwa ngazi. Chumba chetu kiko ghorofa ya nne na maji yanaishia ya pili, kwa hiyo kila ndoo naipandisha kwa maombi. Tunalala wanne. Mmoja anasomea sheria na anabishana hata na kengele ya asubuhi.

Nimeshaandikishwa. Kozi inaitwa Makuzi ya Mtoto na Mafunzo ya Familia. Mjomba aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Unaenda chuo kikuu kusomea kulea watoto? Si hata kuku analea?" Nilimjibu kwamba kuku hajawahi kupewa cheti. Lakini nakwambia wewe tu, huku nako wanatucheka. Yule wa sheria anatuita mayaya wenye digrii. Nasoma kwa hasira, dada. Nataka siku moja waje wenyewe kuniuliza.

Kitu kimoja kitakufurahisha. Chuo kina chekechea yake, na kwenye ukuta wake mmoja kuna kioo kirefu. Upande wa watoto ni kioo cha kujitazama, upande wetu ni dirisha. Tunakaa pale kimya tunaandika kila anachofanya mtoto mmoja. Huruhusiwi kuandika "mchokozi". Unaandika "amemnyang'anya mwenzake kijiko". Jana mtoto wangu alisogea mpaka kwenye kioo akajikagua meno, pua yake na yangu zimetenganishwa na unene wa kioo tu. Nilimkumbuka Chifu nikatamani kulia.

Niambie kila kitu. Anakaa mwenyewe? Anatambaa? Kila somo nitamfikiria yeye.

Mdogo wako


9 Novemba

Mdogo wangu Profesa,

Hatujambo sote, na barua yako nimewasomea wateja saluni mpaka mmoja akasahau kichwa chake kiko kwenye maji ya moto. Sasa kila anayesuka ananiuliza, "Profesa anasemaje?" Usijali wanaowacheka. Huku kwetu umeshakuwa daktari.

Chifu ana miezi saba na anakula kama fundi wa ujenzi. Anatambaa, lakini kwa mtindo wake: mguu wa kulia unasukuma, wa kushoto unafuata nyuma kama mkia. Shemeji yako anasema ni mwendo wa kijeshi.

Shida yangu ni Redio. Mama mkwe. Tangu baba mkwe afariki anakaa nasi, na matangazo yanaanza kabla jogoo hajaamka. Chumvi nyingi, pazia fupi, mteja yule ana mdomo. Hayo nameza. Sasa kamgeukia mwanangu. "Mtoto huyu ana mguu. Mpeleke kwa madaktari wa mifupa." Asubuhi mguu, mchana mguu, wageni wakija mguu. Eti nikimfunga nepi, wa kushoto haufunguki kama wa kulia. Ni kweli kidogo, haufunguki sana, lakini mbona halii? Mtoto anayeumwa si analia? Mbele ya mume wangu anasema mama wa siku hizi anaona nywele za watu, mtoto wake hamwoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa wewe ndiye uliyesoma. Niandikie barua ya heshima, yenye maneno mazito ya kitabuni, niisome mezani wote wakisikia. Nimechoka kuonekana mjinga ndani ya nyumba yangu.

Dada yako


1 Desemba

Kwa familia yote,

Nawasalimu kwa heshima, nikianza na mama yetu mkwe. Natumaini hamjambo.

Nimeombwa kutoa maelezo kuhusu makuzi ya Chifu. Kwa mujibu wa elimu ya makuzi ya mtoto, kila mtoto ana ratiba yake. Wapo wanaotambaa kwa tumbo, wapo wanaoburuta makalio, na wapo wasiotambaa kabisa, wakasimama tu siku moja wakatembea. Kutumia upande mmoja zaidi ya mwingine ni jambo la kawaida katika umri huu. Wataalamu wanatahadharisha kwamba kumlinganisha mtoto na wengine, na kumtafutia kasoro, humtia mama wasiwasi, na wasiwasi wa mama humwingia mtoto. Ushauri wangu ni kwamba Chifu aachwe akue kwa amani. Hakuna haja ya kumzungusha hospitalini.

Wenu mtiifu

Dada, karatasi hii ya pili ni yako peke yako. Umeona hiyo "kwa mujibu"? Nimeiandika mara tatu ndipo ikakaa. Yule wa sheria kaisoma akasema hata yeye angeogopa kunipinga. Niambie Redio alifanya uso gani. Usinifiche hata kidogo.

Mdogo wako


6 Januari

Profesa wangu,

Mwaka mpya mwema. Ungekuwepo! Nilisubiri mpaka wamekaa wote, nikasafisha koo, nikasoma polepole kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilipofika kwenye "kumtafutia kasoro" nikatulia kidogo, nikamtazama. Redio ikazimika. Aliweka kijiko chini akasema, "Basi, kama wasomi wamesema." Akaenda kulala na chakula chake kimejaa sahani. Shemeji yako alinikonyeza. Tulipoingia chumbani tulicheka tumejiziba midomo na mto.

Tangu siku hiyo hajasema tena habari za mguu. Hata neno. Nyumba imetulia mpaka nasikia saa ya ukutani.

Chifu anasimama sasa, ameshika stuli. Kisigino cha kushoto hakigusi chini, anasimama kwa vidole kama anachungulia dirishani. Kwa baba yake walikuwa wacheza ngoma, amerithi. Nami nimeacha kumkaguakagua. Ulisema aachwe akue kwa amani.

Likizo uje. Wateja wanataka kukuona kwa macho.

Dada yako


23 Agosti

Dada,

Sina nafasi ya salamu ndefu, nisamehe. Nimepiga simu ya duka la jirani yenu mara nyingi, inaita tu. Barua hii nampa mtu anayesafiri leo, aje aitie mkononi mwako. Ukiisoma, usimalize hata kusuka kichwa ulichokishika. Mchukue Chifu mpeleke hospitali kubwa, kwa daktari wa mifupa, waambie wampige picha ya nyonga.

Jana muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto alikuja kutufundisha. Alimlaza mwanasesere mezani, akamkunja magoti, akayafungua kama mtu anavyofungua kitabu. Akasema kuna watoto wanazaliwa na kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa kwenye kikombe chake cha nyonga. Akataja dalili. Mguu mmoja haufunguki ukimvika nepi. Mtoto halii, kwa sababu hauumi. Akisimama, anainua kisigino. Akitembea, anaegemea upande. Nilikuwa naandika, nikajikuta naandika barua zako.

Dada, mwezi uliopita nilikuwa hapo kwenu. Nilimwona akivuka sebule akiyumba, tukapiga makofi wote, mimi nikasema ni mwendo wa bata na utanyooka. Kuna jambo hulijui. Siku ile umeenda kununua dawa ya nywele, mama mkwe alinifuata jikoni. Hakuwa na ile sauti yake. Aliniambia taratibu, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu mtazame tu wakati wa kumwogesha, akiwa mtupu. Mimi sitasema kitu." Nilikuwa nakunywa chai. Nikamjibu kwamba tumefundishwa tusiwatie watoto dosari. Akasema asante, akaendelea kuchambua mchele.

Sikumtazama. Mwaka mzima nakaa nyuma ya kioo natazama watoto wa watu, na mtoto wa dada yangu sikumtazama.

Nenda leo, tafadhali.

Mdogo wako


19 Septemba

Dada mpendwa,

Natumaini mko wazima. Aliyebeba barua amerudi, amesema alikukabidhi mwenyewe, ukaisoma umesimama. Tangu hapo sijasikia neno. Nimeandika kwa mjomba, naye kimya. Kama hutaki kuniandikia barua, niandikie mstari mmoja tu. Mmeenda? Wamesemaje?

Mdogo wako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi tupo.

Tulienda kesho yake. Mama mkwe ndiye aliyembeba. Picha ilipotoka daktari aliipachika kwenye taa, akatuonyesha kwa kalamu. Upande wa kulia mfupa umekaa ndani, upande wa kushoto uko nje na juu, umejitafutia makao mengine. Hata mimi msusi niliuona.

Akasema angeletwa mapema, kabla hajaanza kuukanyagia, huenda wangeurudisha kwa mkono na plasta tu. Sasa lazima kisu. Akauliza, "Hakuna mtu aliyeona kitu wakati wote huu?"

Mdogo wangu, nilimsubiri mama mkwe aseme. Nilikuwa tayari kabisa. Nilitaka aseme, "Mimi niliona, wao wakanisomea barua." Alikuwa na haki ya kusema, tena kwa sauti ile ile ya alfajiri. Alitazama sakafu akampangusa Chifu pua. Daktari alipouliza tena akajibu, "Tumechelewa sote." Sote! Angenitukana ningepumua.

Wamempasua. Ana plasta kutoka kifuani mpaka vidoleni, mguu mmoja wote na nusu ya mwingine, miguu imepanuliwa imewekwa fimbo katikati. Haingii mlangoni mpaka umgeuze ubavu. Nepi naiingiza kwa vidole. Anataka kushuka akimbie na hajui kwa nini hatumshushi; ananiangalia mimi, maana anaona mimi ndiye niliyemfunga. Mama mkwe anamkuna ndani ya plasta kwa sindano butu ya kufumia, ndipo analala.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulifundishwa msemo huu tukiwa wadogo, tukauandika ubaoni. Hawakutuambia kwamba guu linaweza kuwa la mtoto.

Nimeitafuta ile barua yako ya mezani ili nikasirike vizuri. Nimeisoma, nikaona mwenyewe ndiye niliyeiagiza. Nilitaka kushinda. Wewe ukanipa ushindi, na wewe pia ulitaka kushinda wale wanaokucheka huko. Ndiyo maana siwezi kukulaumu peke yako, na ndiyo maana siwezi kukuandikia. Nipe muda.

Dada yako


12 Novemba

Dada yangu,

Najua umeomba muda. Nakuvunjia ombi lako mara moja hii, kisha nitanyamaza.

Nimekaa na barua yako mpaka karatasi imelegea. Sina la kujitetea. Wakati naandika ile "kwa mujibu" nilikuwa na wiki chache darasani. Somo la mifupa hatukuwa tumeligusa. Ningeweza kuandika "sijui, nendeni hospitali". Maneno matatu, na mtoto angepona. Sikuyaandika kwa sababu hakuna anayemwita mtu profesa kwa kusema sijui.

Nimeamua kuacha chuo. Fomu ya kujiondoa ninayo. Nitarudi nyumbani nikusaidie kumbeba Chifu, nimfulie, nimgeuze mlangoni. Kusoma mambo ya watoto baada ya haya ni unafiki. Na mama mkwe, nataka nimpigie magoti. Mwambie, au nitamwambia mwenyewe nikija.

Mdogo wako


3 Desemba

Mdogo wangu,

Usiache chuo. Hilo nalikataza, na bado mimi ni mkubwa kwako.

Unataka uje hapa ufue nepi ili roho yako itulie, na mimi niamke kila siku nikuone, nikumbuke mguu na nikumbuke na shule uliyoiacha. Mzigo mmoja unanitosha. Soma mpaka somo la mwisho, pamoja na hayo mliyokuwa hamjayagusa.

Mama mkwe nilimsomea maneno yako. Alisema hahitaji magoti ya mtu, anahitaji mtu wa kumtafutia sufi laini ya kuweka pembeni ya plasta, maana plasta inamchuna mtoto. Tuma kama huko ipo.

Dada yako


17 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa na afya, wewe, shemeji, mama mkwe, na Chifu ambaye nasikia anamiliki mtaa mzima. Mimi sijambo.

Miaka inakwenda. Tangu siku za ile plasta nimekuja kwenu mara mbili, ya mwisho mwaka jana. Ulinipokea vizuri kuliko hoteli. Ulinipa kitanda chako, ulinisuka bure, ulinipa habari za kila mteja. Chifu akipita na kiatu chake chenye soli nene, akichechemea kidogo, wewe ulikuwa unageuza mazungumzo, nami nilikuwa nayageuza pamoja nawe. Kuna wakati alikohoa, nikaona umenigeukia, midomo imefunguka kuniuliza, kisha ukaenda kumwuliza muuza dawa. Nimekuwa nikiifikiria siku hiyo.

Nimemaliza, dada. Nimefaulu. Sherehe ya mahafali ni mwishoni mwa Novemba, na ninaruhusiwa kualika wageni. Nimeshapata nafasi katika kliniki ya watoto, nakaa na mama wenye watoto wachanga, tunazungumza jinsi mtoto anavyokua, na kabla ya jambo lolote namlaza mtoto mezani namfungua miguu. Wenzangu wananitania kwamba hata mtoto aliyeletwa kwa mafua lazima nimwone nyonga. Mwezi uliopita nilimpata mmoja, msichana mdogo sana. Amefungwa mikanda tu ya kushika nyonga, ataivua, atacheza kamba. Mama yake alinishika mikono akalia kwa furaha. Nilienda msalani nikalia mimi nami, na yangu haikuwa furaha. Nilitaka sana mama huyo awe wewe.

Njooni. Hata kama ni wewe peke yako.

Mdogo wako


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua imefika pamoja na picha yako ukijaribu joho. Shemeji yako anaizungusha mtaani, hata muuza mkaa ameiona. Hongera. Si maneno ya mdomoni, nimefurahi mpaka nimefunga saluni mapema. Wazee wetu wangekuwepo wangepiga vigelegele.

Tutakuja, mimi na Chifu. Ameshaanza kuwaambia wenzake kwamba anakwenda kupanda ghorofa. Anakimbia sasa, akichoka anayumba, akianguka anakasirikia ardhi. Daktari anasema huenda akahitaji kisu kingine akiwa mkubwa, huenda asihitaji. Shemeji hatapata ruhusa kazini. Mama mkwe atabaki na mtoto.

Nimeandika "mtoto" na najua umeshtuka. Ndiyo. Tuna msichana. Ana miezi mitano, mnene, amechukua paji la uso lako. Siku aliyozaliwa, kabla sijamshika, nilimwambia mkunga amfungue miguu mbele yangu. Iko sawa yote miwili. Tulipofika nyumbani mama mkwe akamlaza kitandani akamfungua tena kwa mikono yake mwenyewe, nikakaa pembeni namngoja aseme. Akasema, "Mfunike, mtoto anapigwa baridi."

Mjomba alitaka kukuandikia siku hiyo hiyo, nikamwomba asifanye hivyo. Si kukukomoa. Mtoto huyu alikataa ziwa wiki ya kwanza. Akatoka vipele. Akawa analala sana, kisha halali kabisa. Kila mara nilikuwa nimeshatafuta karatasi nikuulize, maana ndiyo mazoea yangu, tangu tuko wadogo wewe ndiye uliyekuwa unajua mambo. Niliogopa nitakuuliza, nawe utanijibu vizuri, nami nitakuamini. Kwa hiyo niliona heri usijue kwamba kuna wa kuuliziwa.

Najua sasa umesoma kweli. Namwonea wivu yule mama wa mikanda, sikufichi. Majibu yako ya sasa nadhani ni sahihi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Sina hasira na wewe tena, nimezitafuta sizioni. Nakupenda kama nilivyokupenda ukiwa unalala mgongoni mwangu. Ila ile sehemu ya moyo niliyokuwa nakuulizia imefungwa, nami sikuifunga kwa makusudi.

Baada ya mahafali twende wote nyumbani. Ukae hata mwezi. Umbebe mwanao, umwimbie, umwogeshe, umpeleke uani akaone kuku. Nitakusuka. Na ukiwa naye, ukiona kitu chochote juu yake, hata kidogo, mwambie mama mkwe, yeye ataniambia. Mimi usiniambie.

Dada yako